Sauti ya kompyuta ikififia, usikimbilie kwa fundi

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa matatizo yanayowagharimu watumiaji wa kompyuta majumbani fedha zisizo za lazima ni sauti kufifia au kutoweka kabisa. Mwenye kompyuta hudhani kuwa spika zimeungua au kadi ya sauti imekufa. Akikutana na fundi asiye mwaminifu huambiwa hivyo hivyo, akatozwa bei ya kifaa kipya ilhali kile cha zamani ni kizima.

Ikumbukwe kwamba sauti haimfikii msikilizaji moja kwa moja. Hupita katika milango mitatu, na kila mmoja una kipimo chake: programu inayopiga wimbo, Windows yenyewe na hatimaye spika. Mmoja ukiwa umefungwa nusu, kuifungua mingine hakusaidii sana. Kabla ya kuigusa, vua spika za masikioni, kwa kuwa sauti inaweza kurudi kwa kishindo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua.

Anza na waya. Pini isiyoingia sawasawa kwenye tundu lake huleta kioja kimoja: vinanda na ngoma husikika kwa mbali, lakini mwimbaji hayupo. Sababu ni kwamba waya wa pamoja haujagusa, hivyo kinachosikika ni tofauti tu kati ya sauti ya upande wa kulia na ya kushoto. Kwa kuwa sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, hufutika. Sukuma pini hadi mwisho, au safisha vumbi la tunduni. Fundi hatakwambia kuwa hicho ndicho alichokifanya. Katika kompyuta za mezani, tundu la spika aghalabu ni la kijani. La waridi ni la kipaza sauti.

Wapo pia wanaochukua spika za redio ya zamani na kuziunga moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha wakalalamika kuwa sauti ni kama ya mbu. Tundu hilo hutoa nguvu ndogo inayotosha masikio, au spika zenye kikuza sauti chake. Kama una sabufa, unga waya hapo na uiweke kwenye AUX.

Waya ukiwa salama, geukia Windows. Tangu toleo la Vista lililoingia sokoni mwaka 2007, kila programu ina kipimo chake. Bonyeza alama ya spika iliyo pembeni chini ya kioo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague palipoandikwa "Open volume mixer". Si ajabu kukuta kivinjari cha intaneti kimeshushwa hadi asilimia 10 wakati kipimo kikuu kiko 100. Hapo hapo angalia sauti inaelekezwa wapi. Kompyuta iliyounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI huweza kuipeleka sauti yote huko, hata kama televisheni imenyamazishwa.

Ipo pia tabia moja ya Windows isiyofahamika na wengi. Ikihisi kuwa unapiga simu kwa kompyuta, hushusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80. Ili kuizuia, fungua mipangilio ya sauti, nenda ukurasa wa "Communications" na uchague "Do nothing".

Kuhusu programu zenyewe, VLC huruhusu kupita asilimia 100. Hilo hufaa kwa filamu iliyorekodiwa kwa sauti ndogo, lakini sauti ikianza kukwaruza ishushe, kwani spika ndogo huweza kuharibika.

Iwapo tatizo lilianza mara baada ya Windows kujisasisha, ingia "Device Manager", ondoa kifaa cha sauti kilichoorodheshwa humo kisha uwashe kompyuta upya. Windows itakirejesha yenyewe.

Kama sauti bado ni hafifu kwa kila programu na kila spika uliyojaribu, huenda tundu limechakaa. Hata hapo si lazima mashine ifunguliwe: kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB hufanya kazi hiyo hiyo.