Liuli 1914: Berndt alivyofungwa kabla hajajua mechi imeanza

Ukisikia stori za mali ya Mjerumani iliyozama Ziwa Nyasa, soma hii kwanza kabla hujapiga mbizi.

Vita Kuu ilipoanza 1914, meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, kusini mwa Kyela, ikifanyiwa matengenezo. Nahodha Berndt hakujua kipenga kimepulizwa. Agosti 13 akatokea mshkaji wake wa kinywaji, Rhoades, na meli ya Waingereza, Guendolen, akaachia mzinga. Berndt akamfuata mbio kwa kimashua, akidhani jamaa kalewa. Akatekwa palepale.

Wissmann haikuzama siku ile. Baadaye Waingereza waliichukua. Kilichozama Liuli si dhahabu, ni ushkaji wa watani wawili.