Diski, Draiva na Kidhibiti: Utata wa Neno "Kiendeshi" katika Urekebishaji wa Kompyuta Jijini Kampala

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mjadala uliofuata ulielekea zaidi shuleni na katika ofisi za serikali kuliko kwenye meza ya fundi wa kompyuta. Hata hivyo, jijini Kampala meza hiyo huweza kumkutanisha fundi anayezungumza Kiganda, mashine yenye maandishi ya Kiingereza, na mteja kutoka Kongo ya mashariki anayetegemea Kiswahili. Makala hii inafafanua kazi moja ya mezani hapo, yaani kubadili modi ya kidhibiti cha hifadhi katika laptopu yenye diski ya SSD, na inaonyesha jinsi istilahi moja yenye utata inavyoweza kuharibu kazi hiyo.

Kidhibiti husimama kati ya prosesa na diski, kikipokea amri za kusoma na kuandika data. AHCI, utaratibu wa kawaida wa diski za SATA, ulibuniwa wakati diski zilikuwa bado sahani zinazozunguka. Una foleni moja ya amri 32. NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2011, ilikusudiwa diski za hali mango na huruhusu maelfu ya foleni. Pamoja na hayo, laptopu nyingi za kibiashara hutoka kiwandani zikiwa katika modi ya RAID hata kama zina diski moja tu. Katika modi hiyo diski hujificha nyuma ya kidhibiti cha Intel, na programu ya kusakinisha Linux huweza kutoiona kabisa. Ndipo fundi huingia katika mipangilio ya BIOS na kuchagua AHCI.

Mtego uko hapa. Windows inapowaka hupakia draiva ya kidhibiti ilichokizoea na kuziacha nyingine zimezimwa. Modi ikibadilishwa ghafla, mfumo hukwama kwenye skrini ya buluu yenye msimbo 0x7B. Diski ni nzima na data yote ipo. Kilichokosekana ni draiva. Kurudisha modi ya awali hutosha kuiwasha tena.

Mteja ataelezwaje? Kitenzi "endesha" kimezaa nomino "kiendeshi", ambayo hutumiwa kwa maana ya diski na pia kwa maana ya draiva. Akiambiwa kwamba kiendeshi hakipatikani, mwanafunzi wa Makerere ana haki ya kuelewa kwamba diski imekufa, na kukubali ifomatiwe pamoja na tasnifu iliyomo. Mradi wa Jambo OpenOffice wa mwaka 2004 ulithibitisha kwamba programu za ofisi zinaweza kuzungumza Kiswahili, lakini tabaka hili la chini halikuwa lengo lake. Kwa kazi hii, neno la mkopo "draiva" lina manufaa kuliko nomino safi ya Kibantu: limekwisha kuzoeleka midomoni mwa mafundi, na halichanganywi na diski.

Kwa istilahi hizo tatu, utaratibu salama hueleweka bila mkalimani. Kwanza Windows huagizwa iwake katika hali salama. Kompyuta huzimwa na kuwashwa upya, kisha modi ya kidhibiti hubadilishwa kuwa AHCI kabla mfumo haujapakiwa. Katika hali salama Windows huitambua draiva mpya, na baada ya hapo agizo la hali salama hufutwa. Utaratibu huu haufai pale diski mbili au zaidi zimeunganishwa kwa RAID halisi, kwa kuwa data inaweza kupotea. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa dharura uombwe kwa mteja kabla BIOS haijaguswa.