Pandoc na Kiunzi cha Insha ya Fasihi

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi Pandoc, programu ndogo ya bure iliyotolewa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwanafalsafa wa Marekani, inavyopanga kiunzi cha insha. Utaratibu wake si mgumu hata kidogo. Andika vichwa katika faili la maandishi matupu: # ni sura, ## ni sehemu yake, ### ni kifungu. Acha nafasi baada ya alama, na mstari mtupu juu ya kichwa. Kisha toa amri hii:

pandoc -N kiunzi.md -o insha.docx

Namba 1, 1.1, 1.2 zinajipanga zenyewe.

Basi, ugumu uko wapi? Tuchukue Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Safari za wajumbe sita tunazisikia ndani ya utetezi wa Karama barazani. Ukiipa kila safari # moja, zinalingana na kesi yenyewe, na ile mbinu ya hadithi ndani ya hadithi inakufa hapo hapo. Ukizipa ##, zinakaa chini ya utetezi, mahali pake. Programu itatia namba vyovyote vile, haibishi. Kwa hiyo, wenzangu, kuchagua idadi ya alama ni uhakiki tayari. Kazi hiyo tusiiachie mashine.