KUPIGA KAMBI TENDAGURU

Kilima cha Tendaguru ki katika nchi ya Lindi, upande wa bara. Mwalimu atakaye kulala huko na wanafunzi wake, au mwenyeji aongozaye wageni, yafaa ajue mambo haya.

Kambi ya Tendaguru si jambo jipya. Tangu mwaka 1909 hata 1913 Wadachi walikaa pale wakichimba mifupa ya dinosaria, wanyama wa kale walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Watu wetu karibu 500 walifanya kazi katika mwaka mmoja, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walichukua mizigo mpaka Lindi kwa mwendo wa siku tatu au nne. Mifupa ya mnyama mmoja ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake chapita mita 13.

Basi, kwanza ni maji. Wakati wa kiangazi maji ni shida. Hata wachimbaji wale waliyachota mbali. Chukueni ya kuwatosha, na ya kunywa yachemsheni.

Pili ni kivuli. Kivuli ni neema, lakini kabla ya kusimamisha hema tazameni juu: tawi kavu huanguka usiku bila upepo. Wala msilale katika mkondo wa kijito, hata ukiwa mkavu.

Tatu ni moto. Kusi ikivuma, cheche moja yaweza kuteketeza mwitu na mashamba. Fyekeni majani pande zote za meko, na asubuhi zimeni kwa maji na udongo mpaka majivu yapoe.

La mwisho ndilo kubwa. Mtu akiona kipande cha mfupa wa jiwe, asikiokote. Wataalamu hutambua umri wa mfupa kwa tabaka la udongo ulimolala. Ukiondolewa, habari yake imepotea, wala haupati tena. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba pasipo ruhusa. Atakayeona kitu na akiache palepale, kisha ampashe habari mkubwa wa mahali.

Mifupa mingi ilikwenda mbali, zaidi ya tani 200. Iliyosalia ni amana yetu, na amana hailiwi.