Handeni Si Nchi ya Waganga Tu

Ukipanda basi Korogwe kwenda Handeni, hukosi abiria wa kukuuliza: "Unakwenda kwa mganga gani?" Nimeulizwa hivyo tangu ujana wangu, na nimechoka. Uganga upo, sikatai, kama ulivyo kwingine kote. Lakini Mzigua wa Handeni si hirizi.

Mimi nikikumbuka kwetu namkumbuka mwali. Yumo ndani kwa bibi mzaa mama, maana ukoo tunaufuata kwa mama. Haonwi na wanaume, na somo wake analala naye mkekani. Usiku kina mama wanapiga ngoma na kuimba mafumbo, na kila fumbo lina mafunzo yake: usafi wa mwili, heshima kwa wakwe, siri za nyumba. Siku ya kutolewa anatembea kainamisha kichwa, kanga mpya, uso unang'aa mafuta, na wajomba wanasogea mmoja mmoja kumtuza. Ya jandoni waulizeni wanaume.

Mambo haya yamefifia, lakini hatukuyatupa wenyewe. Bwana Heri, mtawala wa Saadani, alipigana na Wajerumani mpaka 1890, lakini wakatushinda. Kodi ya nyumba ikaja 1898, reli ikafika Korogwe 1902, na vijana wakaingia kwenye mkonge kutafuta fedha ya kodi. Miaka ya 1970 tukahamishiwa vijiji vya kando ya barabara. Misitu ya matambiko, wanakolala wazee wetu, ikabaki nyuma bila wa kuifagia.

Kinachoniuma zaidi ni kujilinganisha na ndugu zetu wa Somalia. Babu zao walichukuliwa utumwani wakati wa njaa ya miaka ya 1830, wakatoroka, wakajenga vijiji vyao katika bonde la Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko ugenini walishika Kizigua na mviko, ngoma za ukoo zinazorithiwa kwa mama. Vita vya 1991 viliwatawanya: maelfu wakaishia Marekani, wengine wakarudi Handeni, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita, na bado walisema Kizigua, wazee wetu wakawaelewa.

Wajukuu zangu wa Korogwe mjini, kwa Kizigua wanajua kuomba maji tu.

Mama mwenye binti, likizo hii mpeleke kwa bibi yake, akae naye, asikie Kizigua. Kijijini kwetu nyakanga wa kufunda mwali amebaki mmoja, na hajapata wa kumrithi.