Nguvu ya jembe inatoka kwenye sufuria

Kila msimu tunazungumza juu ya mbegu na magonjwa ya mimea. Leo tuzungumze juu ya mwili unaoshika jembe.

Mwili unachoma chakula kama moto unavyochoma kuni, hata usiku tukilala, juu moyo na mapafu havipumziki. Kazi hiyo inaitwa metaboli. Chakula kikipunguka siku nyingi, mwili unabana matumizi: mtu anasikia baridi, anachoka mbio, jembe linakuwa zito. Huo si uvivu.

Kwetu shida si kukosa mazoezi. Mama aliyelima, akateka maji na kubeba kuni, amefanya mazoezi ya kutosha. Anachokosa ni chakula cha kujenga mwili na damu. Bugali ya muhogo inatia nguvu, lakini grama 100 za unga wake hazina zaidi ya grama 2 hivi za proteini. Maharagi makavu yana grama 20 na zaidi, pamoja na madini ya chuma yanayojenga damu.

Ila Masisi maharagi yanapakiwa kwenda Goma, Walikale karanga zinauzwa sokoni, na nyumbani inabaki bugali. Kisha tunanunua maharagi yaleyale kwa bei ya juu.

Tufanye hivi:

1. Tenga akiba kabla ya kuuza. Jamaa ya watu 6 ikipika nusu kilo kwa siku, miezi 4 inahitaji kilo 60.

2. Changanya sombe ao lenga-lenga na karanga na mawese. Usichome mawese mpaka yageuke meupe, vitamini A inapotea.

3. Chai na kahawa zinazuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja kiisha kula. Pera, nanasi na ndimu zinasaidia chuma kuingia.

4. Kula kitu asubuhi mbele ya kwenda ku shamba, na ubebe maji safi. Anayeshinda amekaa ku depo, atembee nusu saa kila siku.

Baba wa nyumba, mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asipakuliwe wa mwisho. Damu yake inafanya kazi ya watu wawili.

Kwa msimu ujao, uliza agronome wako habari za mbegu za maharagi yenye chuma nyingi. INERA Mulungu, Kivu ya Kusini, imezifanyia kazi.