Utamu wa Joynagar Huanza Alfajiri

Kina mama wajuao kupika kashata na halua wataelewa upesi habari za Joynagar. Ni mji mdogo wa Bengali ya Magharibi, nchini India, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Kolkata, upande wa kuelekea mikoko ya Sundarbans. Sifa yake ni tamutamu iitwayo moa, ambayo hupatikana wakati wa baridi tu.

Moa ni donge la mviringo la kutosha kiganjani. Hufanyizwa kwa bisi za mpunga wa kanakchur, wenye harufu nzuri, zikachanganywa na sukari guru mpya, samli na iliki, kisha hupambwa kwa korosho na zabibu kavu. Haikai siku nyingi, hivyo huliwa ingali mpya.

Sukari guru hiyo haitokani na miwa. Hutoka katika utomvu wa mtende wa mwituni, mti wa ukoo mmoja na mtende wa Uarabuni na mkindu wetu utupao ukindu wa mikeka. Jioni mgema hupanda kwa kamba kiunoni, akakwangua shina karibu na kilele, akatungika chungu. Usiku kucha maji matamu hudondoka tone kwa tone. Kabla ya jua kuchomoza hukiteremsha chungu, na mara nyingi ni mkewe anayewasha moto, akayachemsha kwa saa kadhaa katika sufuria pana, hata yakawa mazito na kubadilika rangi.

Haraka hiyo ina sababu yake. Utomvu ukiachwa ukapigwa na jua, huchacha ukawa kileo. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hilo kwa minazi yetu. Mti ni ule ule na maji ni yale yale; kinachotenga chakula cha watoto na ulevi ni saa chache, na watu wa nyumba moja walioamka mapema.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za Joynagar nazo zimeleta msiba wake. Wanunuzi walipozidi, wako wafanyabiashara walioanza kutia sukari ya kawaida na manukato ya viwandani, wakaacha kanakchur kwa mpunga wa bei nafuu. Mwaka 2015 moa ya Joynagar ilipewa hati rasmi ya kulinda jina lake kwa mahali inapotoka. Hata hivyo, hati haipandi mtende. Mitende mingi imekatwa ikawa kuni za tanuri za matofali. Wagema, ambao miongoni mwao wamo Waislamu na Wahindu, wanazeeka. Kazi ni ya hatari, ni ya miezi michache, na ujira wake ni mdogo. Vijana wengi wanatafuta kazi mijini.

Mtende ukikatwa, hupandwa mwingine. Lakini mkono unaojua kukwangua mti bila ya kuuua hufunzwa na baba kwa mwana, asubuhi baada ya asubuhi. Basi nasi, tunapokula kitamu cha mikono ya jirani, tusimpunje bei yake. Huenda hiyo ndiyo inayombakisha mwanawe kazini. Tunamwomba Mola atujaalie riziki ya halali, na watoto wa kuirithi.